Mtihani wa Mia na Nne

Mimi ni karani wa kamati ya masomo chuoni. Kazi yangu ni kuandika waliyosema waheshimiwa, na kwa miaka kumi na sita sijayaandika hata mara moja jinsi walivyoyasema. Wakitukanana, naandika "wajumbe walijadili kwa kina." Wakisinzia, naandika "wajumbe walitafakari." Kwa hiyo msinione nimekaa kimya pembeni. Ya chuo kile mengine yamo kwenye daftari langu, na mengine yamo tumboni.

Mwaka huo kamati ilikuwa ikipitia upya masomo ya lazima, yale ambayo kila mwanafunzi hana budi kuyapita hata kama anasomea uchoraji au ufugaji wa nyuki. Hakuna kazi inayowapandisha wasomi mori kama hiyo. Kila idara ilikuja na somo lake, na kila moja ikaapa kwamba bila somo hilo mhitimu atatoka mbumbumbu. Kufikia kikao cha nne nilijumlisha saa zote walizopendekeza, nikamsogezea mwenyekiti karatasi. Mwanafunzi angemaliza masomo ya lazima ameota mvi.

Mwenyekiti alikuwa profesa wa hisabati, mama mfupi mwenye sauti nzito na asiyependa kuzungushwa. Aliisoma ile karatasi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Tupunguze," akasema. "Tuanze na lipi?"

"Mia na Nne," akajibu mwalimu wa historia, haraka haraka. Moyo ukanilipuka.

Mia na Nne lilikuwa somo la Sayansi kwa Wote. Mwalimu wake alistaafu miaka mitano nyuma, hakupatikana wa kushika nafasi yake, somo likabaki kwenye vitabu tu. Halikufundishwa wala kutahiniwa, lakini walioanza chuo zamani waliendelea kudaiwa. Wengi walikata tamaa wakaenda zao. Aliyebaki chuo kizima alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni wifi yangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani. Alisoma shahada yake kwa miaka tisa, kipindi kimoja asubuhi, kimoja jioni, watoto watatu wakimng'ang'ania sketi. Alipasi kila kitu isipokuwa hilo moja ambalo hakuna aliyemfundisha. Kila mwaka alikuja dirishani kwangu kuuliza, "Wifi, linafundishwa mwaka huu?" Na mimi, mke wa kaka yake, nilimjibu, "Mwakani, wifi." Nilijichukia kwa jibu hilo.

Na kinachokera zaidi, ni yeye anayeshona majoho ya mahafali. Mabega ya chuo kizima anayajua. Ukimtajia profesa yeyote, atakuambia bega gani limeshuka na nani huvuta tumbo ndani akipimwa. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kuvaa joho hata la kujaribu. Anasema joho lisilo lako linabana shingo.

Sasa, kama Mia na Nne lingefutwa, kanuni mpya ilisema anayedaiwa aanze upya masomo yote saba ya lazima. Miaka miwili mingine! Wifi alikwishanipa msimamo wake bila kupepesa macho: "Likifutwa, na mimi nimejifuta. Nimechoka, wifi."

"Lifutwe," aliendelea mwalimu wa historia. "Ni somo la watoto wadogo. Nani hajui kwa nini maji yanachemka?"

"Wewe unajua?" akauliza mwenyekiti.

"Kila mtu anajua."

"Nimekuuliza wewe." Mwalimu wa historia akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Mwenyekiti akatuangalia wote, nikaona linakuja jambo. "Basi tufanye hivi. Wajumbe wote, mimi nikiwamo, tufanye mtihani wa Mia na Nne. Likiwa jepesi kama anavyosema mwenzetu, lifutwe. Likitushinda, lirudi darasani."

Watu wakacheka, wakagonga meza. Ndipo akasimama mhadhiri wa sheria, ambaye sisi makarani tunamwita Bwana Kifungu. Huyu hanywi hata chai bila kwanza kuuliza imepitishwa na nani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kama ni mtihani, na uwe mtihani. Mtihani upitishwe rasmi na kamati. Maswali yafungwe kwenye bahasha, asiyaone mjumbe. Awepo msimamizi. Tutumie namba, si majina. Na tangazo libandikwe ubaoni siku saba kabla."

Wengine walikoroma kwa kuchoka. Mimi nilitaka kumbusu. Kikao kilipitisha kila alichotaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita niliandika neno kwa neno. Maana kanuni za mitihani nazijua kama ninavyojua jikoni kwangu, na iko moja inayosema: mwanafunzi anayedaiwa somo ana haki ya kufanya mtihani wowote wa somo hilo uliopitishwa na kamati.

Tangazo nililibandika mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya ubao. Ubao ule hausomwi na mtu, lakini hilo si kosa langu.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Nilimkuta anapunguza suruali ya mteja, pini zimemjaa mdomoni.

"Wifi, Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi una mtihani."

Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Usinitanie na mambo hayo."

"Nikutanie na hilo, nina wazimu?"

"Mtihani wa nini?"

"Wa Mia na Nne."

Akakaa juu ya suruali ya mteja. Nilimweleza yote, na nilipomaliza alivuta mtoto wa meza, akatoa chini ya nyuzi daftari lililovishwa kitambaa cha bitana. Miaka mitano alikuwa akijisomea bila mwalimu, bila kuniambia hata mimi. Alilia kidogo, akacheka, halafu akaruka kuitazama suruali kama imekunjika.

Ijumaa ikafika. Waheshimiwa walikaa mmoja mmoja, meza zimeachana, kila mtu anatazama mbele kwa adabu ya ghafla. Msimamizi alikuwa mkutubi, mwanamama asiye na mchezo. Alimnyang'anya mwalimu wa historia simu kabla hajaketi. Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Fundi, majoho baadaye," Bwana Kifungu akamwambia kwa upole. "Tuna mtihani."

"Na mimi," akajibu wifi.

Nilisimama. Nilimpa Bwana Kifungu kanuni, tangazo na kumbukumbu za kikao, nikasema, "Naomba iandikwe pia kwamba huyu ni wifi yangu, ili karatasi zisipite mikononi mwangu." Alisoma. Akarudia kusoma. Alipofika chini kwenye orodha ya walioitunga ile kanuni, akakuta sahihi yake mwenyewe, ya kwanza.

Niliomba Mungu kimoyomoyo.

Uso wa Bwana Kifungu ukafunguka, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekuta vitasa vyake vyote vinafunga sawasawa. "Kifungu kiko wazi," akatangaza. "Mpeni namba. Mama, karibu ukae." Na kwa mkono wake akamvutia kiti.

Kwa saa mbili nilichungulia kupitia kioo cha mlango. Mwalimu wa historia alikuwa ameshika tama. Bwana Kifungu aliandika sana, jambo ambalo halikunipa matumaini kwa ajili yake. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Wifi alikuwa ameinama vile vile anavyoinama kwenye cherehani, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu.

Aliyetunga maswali na kusahihisha alikuwa mwalimu mstaafu wa somo lenyewe, mzee mchangamfu aliyeitwa kutoka nyumbani. Jumatano alirudi na matokeo, akayasoma mbele ya kamati akijipangusa machozi ya kicheko. Alama ya kupasi ilikuwa arobaini. Namba tatu, thelathini na moja. Mwalimu wa historia akajiegemeza kitini taratibu. Namba tano, thelathini na nane. Kwenye swali la kwa nini nguo hukauka haraka penye upepo, mtahiniwa amejaza ukurasa mzima na bado nguo haijakauka. "Naomba usahihishaji upitiwe upya," akasema Bwana Kifungu, na watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti alipata sabini na nne.

"Na namba saba," akasema mzee, "ana themanini na moja. Kuna swali la kitambaa kinachonywea kikilowa. Amelijibu vizuri, kisha akaongeza pembeni kwamba vipimo nilivyotumia si vya kweli kwa pamba. Nimeuliza. Si vya kweli. Namba saba ni nani?"

Wifi alikuwa nje kwenye benchi la korido. Mwenyekiti mwenyewe alitoka kumwita. Sikusikia alimwambia nini, nilisikia ukelele tu, halafu makarani wa ofisi tatu wakatoka milangoni wakaanza vigelegele bila hata kujua habari. Nami nikaacha kalamu nikapiga changu. Mambo ya kumbukumbu baadaye.

Mia na Nne lilirudishwa darasani kwa kauli moja, na mwalimu wa historia, kwa hiari yake, akajiandikisha wa kwanza.

Siku mbili kabla ya mahafali nilipita dukani kwa wifi. Majoho ya watu yalikuwa yamekwisha, yananing'inia ukuta mzima. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheusi ambacho hakijakatwa, na yeye amesimama mbele yake, tepu mkononi.

"Wifi," akasema, "mabega siwezi kujipima."

Nikaichukua tepu. Sijawahi kupima mtu maishani. "Arobaini na mbili."

"Umekosea. Anzia kwenye mfupa."

Nikaanza upya. Alisimama wima, kama anavyowaamuru maprofesa wasimame, lakini mabega yalikuwa yanatetemeka na tepu ikawa inacheza.

"Tulia, mheshimiwa," nikamwambia. "Unaniharibia kipimo."

Akatulia. Ilikuwa arobaini na moja na nusu. Sikuwa na karatasi nyingine, nikaandika kwenye daftari la kamati, ukurasa wa mwisho, na mpaka leo hakuna mjumbe aliyeuliza namba ile ni ya nini.