Jinsi Alivyokuwa Namaemba

Mwalimu Nakhungu aliyashika sana mambo aliyofundishwa. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akifunza Kiswahili katika shule ya kibinafsi ya Bwana Wanyoike pale Kibomet, mjini Kitale. Kila mwaka aliwaambia watoto wa darasa la nne kwamba insha nzuri ya hadithi huanza kwa kumtaja mhusika mkuu, kwao ni wapi, na jinsi alivyokuwa mrembo. Vitabu alivyosomea vilimwambia hivyo, na hakuwahi kukutana na kitabu kilichosema vingine.

Siku moja mwalimu Wamboi alimfuata kwenye chumba cha walimu. Wamboi alikuwa na miaka ishirini na sita, mwenye bidii nyingi, na ndiye aliyesimamia michezo ya kuigiza. Shule ilikuwa imealikwa kwenye tamasha la shule za kibinafsi huko Bungoma, nayo ilitakiwa kuigiza hadithi ya kienyeji.

"Mwalimu, si wewe ni mtu wa huko?" Wamboi akasema. "Nipatie moja ya nyanya yako."

"Ya shangazi," Nakhungu akajibu. "Nyanya yangu hakuwa mtu wa maneno."

Mchana huohuo akaketi, akaiandika. Ilikuwa hadithi ya zimwi aliyemeza kijiji kizima, akabaki msichana mmoja, Namaemba, aliyekuwa amejificha ndani ya ghala la wimbi. Namaemba akapanda mlima mpaka kwa zimwi, akaomba kazi ya kusaga. Akasaga siku saba, zimwi akala, akanenepa, akazoea. Siku ya nane, zimwi akiwa amelala chali kwa shibe, Namaemba akalibeba lile jiwe la kusagia, akambwagia kifuani. Akampasua tumbo, watu wakatoka mmoja mmoja wakipangusa macho. Kisha Namaemba akalichukua shamba la zimwi, akalilima.

Nakhungu alianza hivi: "Paliondokea msichana mrembo sana aliyeitwa Namaemba." Kalamu ilipita hapo bila kusita, kama mguu unavyopita kizingiti cha nyumba ulimozaliwa.

Wiki mbili baadaye Wamboi alimletea mchezo uliokamilika. Ndani yake alikuwamo mwana wa mfalme. Namaemba alipanda mlima, lakini alipomwona zimwi alizimia, na mwana wa mfalme akatokea na upanga, akamuua.

"Katika hadithi ya shangazi hakuna mwana wa mfalme," Nakhungu alisema.

"Sasa itaishaje, mwalimu? Ati msichana analima, basi? Watu watakuwa wanangoja harusi, bana. Na hao majaji wanapenda kitu cha kuvutia macho."

Nakhungu akairudisha ile karatasi. Aliona si neno la kugombania.

Joy, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka kumi. Alikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa lake la nne, mweusi tititi, mwenye mabega mapana na sauti iliyofika mpaka jikoni mwa shule. Hadithi ya Namaemba aliijua tangu hajaanza kusoma. Siku ya kuchagua waigizaji alisema maneno yote ya Namaemba bila kutazama karatasi. Baada yake akaja Nyambu, akasema sentensi tatu, akakwama, akatabasamu. Nyambu alikuwa mwembamba, maji ya kunde, nywele zake zimelala mabegani. Akapewa Namaemba.

Joy alirudi nyumbani mbio. "Mama, nimepata! Mimi ndio zimwi! Na zimwi ako na maneno mengi kushinda wote!"

Nakhungu alimtazama vile anavyohema kwa furaha, akaona bora aifurahie pamoja naye. Jioni hiyo akampikia chapati.

Siku ya tamasha waliondoka Kitale asubuhi na basi la shule. Shangazi Dinah, aliyekuwa akikaa nje kidogo ya mji wa Bungoma, alikuwa tayari amefika kwa bodaboda, amejifunga leso mpya, amekaa safu ya pili kusubiri hadithi yake. Nakhungu alimsalimu, kisha akaenda nyuma ya jukwaa kumsaidia Wamboi kuvalisha watoto.

Wamboi alikuwa akipaka watoto rangi usoni. Alimpaka Nyambu poda na midomo myekundu. Alimchora masharubu Tonny, aliyekuwa mwana wa mfalme. Joy alikuwa kwenye foleni, amevaa gunia lililoshonewa majani makavu. Zamu yake ilipofika alifumba macho, akainua uso.

"Aa, wewe Joy hauhitaji rangi," Wamboi akasema, tayari akifunika kikopo. "Wewe uko sawa vile uko."

Watoto wakaangua kicheko. Joy akafumbua macho. Akacheka na yeye, lakini alichelewa kidogo, na alikuwa akimtazama mama yake.

Nakhungu alikuwa ameshika pini tatu mdomoni. Angeweza kuzitema. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba ni zile pini zilizomzuia kusema, na kila mara alijua kwamba anajidanganya.

Joy alipoingia jukwaani, ukumbi mzima ulicheka kabla hajafungua kinywa. Alisimama. Kwa muda mfupi Nakhungu alidhani atakimbia. Kisha mtoto akavuta pumzi, akanguruma, akaigiza kuliko wote. Alimeza kijiji, akakoroma, akadai uji. Namaemba akazimia vizuri, kiganja kwenye paji la uso. Mwana wa mfalme akachomoa upanga wa katoni, na zimwi akaanguka kwa kishindo kilichofanya mbao za jukwaa zilie. Watu wakashangilia kifo chake.

Walishika nafasi ya pili. Jaji mkuu, mama mmoja mcheshi aliyevaa gauni la manjano, alisema kwenye kipaza sauti: "Na zimwi, jamani! Ule mwili, ile sura! Mwalimu, ulichagua barabara!" Makofi yakapigwa. Joy akaitwa kupokea cheti, akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti alivyofundishwa.

Shangazi Dinah alingoja mpaka walipotoka nje, uani, watoto wakiwa wamepanga foleni ya soda.

"Hii ilikuwa hadithi ya nani?"

"Si ni yako, shangazi?"

"Yangu haina mwanaume. Na Namaemba wangu hakuwa hivyo. Nani alisema alikuwa mrembo?"

"Ni mwalimu Wamboi. Alibadilisha mambo mengi."

"Hata hilo neno la kwanza?"

Nakhungu akatazama viatu vyake. "Hilo ni mimi."

"Kwa nini?"

"Hadithi huanza hivyo, shangazi."

Mama mzee akakaza fundo la leso. "Pale kwa boma tulikuwa na watoto wanane," akasema. "Tukipukuchua mahindi, wale wengine walikuwa wanakuita Jembe kwa sababu ya miguu yako. Unakumbuka? Ukienda kulia nyuma ya jikoni. Mama yangu akinihadithia mimi Namaemba, hakusema kitu kuhusu miguu. Hakusema mweusi, hakusema mabega. Mimi ndiye niliweka. Nilisema alikuwa mweusi kama chini ya chungu, na miguu yake ilikuwa mikubwa mpaka mlima ukashindwa kumtupa. Unafikiri nilimtoa wapi?"

Nakhungu alikumbuka, na hilo ndilo lililomuuma. Alikumbuka mkono wa shangazi ukimpiga kofi la upendo kwenye nyayo, "kama hizi", na usingizi ulivyokuwa mtamu usiku ule. Alikuwa amepewa kitu hicho peke yake kati ya watoto wanane. Na alipoombwa akiandike, alikiacha nje kama matope ya viatu.

Shangazi hakungoja soda. Alipanda bodaboda, akaenda zake.

Jumatatu, darasa la nne lilikuwa limeshampa Joy jina. Zimwi, leta chaki. Zimwi, hapa si pako. Mwanzoni aliwangurumia, wakakimbia wakicheka, na ilionekana ni mchezo. Ulipoingia mwezi wa pili tangu tamasha, hakunguruma tena. Aliacha kuinua mkono darasani, na mezani akawa anakula nusu ya sahani na kuisukuma.

Bwana Wanyoike, naye, aliupenda ule mchezo. Aliamua uchapishwe kuwa kijitabu cha kusomwa madarasa yote, na jina la Mwalimu Nakhungu likae juu kama msimulizi. Nakhungu alimwendea kumwomba aruhusiwe kuuandika upya.

"Mwalimu, ni hadithi tu," mkurugenzi akamjibu kwa upole. "Wazazi wameipenda. Na huyo msichana wako si alishangiliwa kuliko wote?"

Alirudi darasani. Hakuacha kazi, kwa sababu Joy alikuwa akisoma hapo bila karo.

Jumapili moja mchana walikuwa wakifua sare nyuma ya nyumba. Nakhungu aliacha kusugua, akamwambia mwanawe hadithi upya, yote, kama alivyohadithiwa. Mweusi kama chini ya chungu. Mabega. Miguu. Joy alisikiliza akiwa ameinamia beseni.

"Miguu kama yangu?"

"Kama yako. Na kama yangu."

"Mbona hukuandika hivyo?"

Nakhungu akairudia kola aliyokwisha kuisugua.

"Unasema hivyo sasa juu ya vile wameniita zimwi," Joy akasema. Hakusema kwa hasira. Alikamua soksi, akaikunjua, akaitazama. "Na akishalima hiyo shamba, hakuna mtu alimuoa?"

"Hakutaka kuolewa."

"Hakutaka, ama hawakumtaka?"

Shangazi Dinah hakuwahi kulisema hilo. Nakhungu alitafuta jibu lolote, hata la uongo, na mtoto akamngoja kwa subira, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Kisha Joy akainuka, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Mama yake Nyambu anauza mafuta ya kung'arisha ngozi," akasema. "Ati inachukua wiki tatu tu."

Akabeba beseni kiunoni, akaenda kuanika nguo.