Mke wa Enzi za Imamu

Mwaka 1990, Yemen mbili zilipoungana, mgeni kutoka huko alifika mtaa wa Jericho, Nairobi, akamletea Naji, mwenye duka, kaseti. Naji aliiweka kwenye redio ya nyumbani. Ikatoka sauti ya mwanamke, kwa Kiarabu, na Naji akalia. Kavata, mkewe, hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika kifungua mimba wao.

"Ni nani huyo, Baba Mwongeli?"

"Zahra."

Jina alilijua. Zamani Yemen ya kaskazini ilitawaliwa na Maimamu, viongozi wa dini waliokuwa pia wafalme. Shekhe wa kabila aliyeshukiwa uasi alichukuliwa mwanawe, akafungiwa ngomeni kama rehani ya utiifu wa baba. Naji, mtoto wa shekhe, alipotakiwa, alitorokea Aden, kisha Kenya, akamwacha mkewe Zahra. Mwaka 1962 wanajeshi walimpindua Imamu, vikazuka vita, na Naji akaambiwa kijiji chao kimeteketea na watu wake. Ndipo alipomwoa Kavata. Kavata aliambiwa mara nyingi jinsi Zahra alivyooka mkate, akavumilia. Marehemu hashindani na mtu.

"Kumbe yu hai," alisema. "Anataka nini? Nitafsirie, usinifiche neno."

Naji akairudisha kaseti nyuma. Zahra alisema vita viliwakimbiza milimani. Alisema hamlaumu. Alingoja hadi kadhi akaivunja ndoa, akaolewa na Muhsin, na sasa ana wajukuu.

Kavata alishusha pumzi. Ameolewa! Akainuka abandike chai.

Naji akapiga meza ngumi. "Muhsin! Askari wa Imamu aliyetumwa kunikamata! Alikuwa akimvizia kisimani. Nilijua!"

Kavata akasimama hapo hapo na sufuria mkononi. Jirani yao Ndolo, mchonga vinyago, aliwahi kumwambia mbele ya Naji kwamba angekuwa mke wake yeye Ndolo, asingemwondolea macho. Naji alicheka tu, akamwongezea Ndolo chai.

"Kwa ajili yangu hujawahi kupiga meza," alisema.

"Mama Mwongeli, hayo ni ya zamani."

"Ya zamani, na mkono unavimba leo."

Alijifunga leso, akaenda mtaa wa Makongeni kwa dada yake Nthambi. Kesho yake Naji alimfuata, mkono umefungwa kitambaa.

"Rudi nyumbani."

"Unamwita nani?"

"Wewe, Kavata. Tafadhali."

Alirudi. Kaseti hakuiona tena nyumbani. Lakini kila alipopeleka chakula dukani, alisikia redio ikizimwa ghafla, na Naji akampokea sahani bila kumtazama usoni.