Taji la Kumpokea Yunisi

Mkeka wangu hapa Kasingirima haujawahi kukosa makalio. Anayetaka kujua nani kaachika na nani kaleta mke mpya kutoka Kalinzi huja kukaa, nami simnyimi. Ndiyo maana Telesphory aliponipigia simu asubuhi ile kutoka hospitali, sauti ilimtetemeka mara mbili: kwa msiba, na kwa kuuogopa mdomo wangu.

"Mama Januari, dada hatunaye. Operesheni imeshindikana. Lakini nakuomba, ule mdomo wako leo ufunge. Watoto wasijue mpaka bibi yao afike."

Dada yake ni Yunisi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Watoto wake, Edina wa miaka tisa na Rodgers wa mitano, walikuwa kwangu tangu Jumatatu. Na kwetu mtoto haambiwi na jirani kwamba mama yake amekufa. Huambiwa na mtu wa damu, akiwa amempakata. Bibi yao, Veneranda, alikuwa ndani ya boti kutoka Mwamgongo. Mpaka ateremke Kibirizi na kupanda bodaboda, ingekuwa saa saba.

Saa nne tu za kunyamaza. Ningeshindwaje?

Nilipotoka uani nikamkuta Edina ameshachuma maua ya mama yake, ndoo nzima: waridi, asumini, na yale ya njano ya kwenye ua.

"Mama alisema anarudi Alhamisi, ndiyo leo," akasema. "Tunamtengenezea taji. Akishuka tu, tunamvisha."

Ningemkataza kwa sababu gani? Nikakata kijiti chembamba cha mpera, nikakikunja duara.

"Kipime kichwani kwako," Edina akaniambia. "Kichwa chako na cha mama ni sawa."

Kikanikaa. Nikakivua haraka.

Nikalowesha kamba za mgomba zilainike. Tukaanza kufunga: ua moja na majani mawili, kisha ua linalofuata lifiche shina la mwenzake. Rodgers alikuwa akitupatia maua, sisi tunafunga.

"Hili limekaa kama sikio la mbuzi!" akacheka.

"Kama lako," dada yake akamjibu.

Wakanitazama wote wawili, wakingoja utani wangu. Nikainamia kamba.

Mara akaingia Mama Esther, kanga begani, macho yanawaka. "Mama Januari! Umesikia ya Adolf? Mkewe kamfuma!"

"Sijasikia."

"Basi sogea nikupe."

"Siku nyingine, shoga."

Alinikodolea macho kama aliyeona kuku anaogelea. "Wewe? Unaumwa?" Akaondoka akitikisa kichwa.

Edina aliacha kufunga. Waridi lilibaki mkononi mwake.

"Mama Januari, umekataa umbea."

"Nina kazi, mwanangu."

"Ulipolazwa na malaria uliongea mpaka dripu ikaisha." Akamtupia jicho mdogo wake, kisha akashusha sauti. "Mama amekufa?"

Neno "hapana" ni jepesi. Nimeshasema uongo mkubwa kuliko huo kwa sababu ya kitenge tu. Siku ile halikutoka.

"Bibi yako anakuja," nikasema.

Alijua. Bibi yake haachi dagaa wake juani aje mjini bure.

"Rodgers," akaita, "kachume yale meupe ya nyuma ya choo. Yote."

Mtoto alipokimbia, ndipo machozi yakamshuka, bila sauti. Akayafuta kwa mkono wenye majani. "Yeye tusimwambie. Ni mdogo. Bibi atamwambia." Kisha akaweka lile waridi mahali pake, akakaza kamba. Mimi sikuweza hata kumshikia kijiti.

Veneranda alifika saa saba na robo. Kabla hajavuka kizingiti akaangua kilio cha kwao, cha kumwita mama. "Mawe we! Yunisi wangu!"

Rodgers akamkimbilia, taji mikononi. "Bibi, usilie! Mama anarudi leo. Tazama, tumemaliza!"

Bibi akakaa chini palepale mlangoni, akampakata. Edina alilichukua taji polepole mikononi mwa mdogo wake, akaja nalo uani. Akateka maji kwenye beseni, akalilaza ndani yake, akalisogeza kivulini. Kule mlangoni sauti ya Rodgers ilikuwa inauliza, na sauti ya bibi inajibu.

"Tunampeleka mama Mwamgongo kwa boti?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Kesho asubuhi."

Akachota maji kwa kiganja, akayamwagia maua ya juu ambayo hayakuzama.