Kelele Kutoka kwa Kaka

Taa ya modemu ilikuwa ikipepesa tangu asubuhi, haitulii, na kila ilipopepesa Kaka Mkubwa alizidi kuchangamka.

"Nilisema mimi," alimwambia mama yao. "Biashara hii imekufa. Mnunuzi anakuja jioni. Tumwachie nyaya na nguzo, tugawane, kila mtu ashike lake."

Kitindamimba wao, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tangu akiwa msichana, aliinama kuikagua modemu. Baba alipofariki, Kaka ndiye aliyemlea, na si rahisi kubishana na mtu aliyekufuta kamasi. Lakini waya ule baba aliutandaza nyumba kwa nyumba kwa ajili ya televisheni, na Fundi ndiye aliyeufungulia riziki ya pili, ya intaneti. Modemu huugeuza ujumbe kuwa mawimbi, yakapita katika waya uleule, kandokando ya chaneli, bila kugombana. Kazi ya gharama, ya nguzo na nyaya, baba alikwishaimaliza. Iliyobaki ilikuwa mitambo michache na subira.

"Intaneti ya faiba inakuja," kaka akasema. "Itatumeza."

"Ije. Haitaingia vichochoro hivi kesho wala keshokutwa. Na ikija, itatukuta na wateja. Mwenye wateja hauzi kwa bei ya chuma chakavu."

"Wateja gani, na taa haitulii?"

Hapo alimshika pabaya. Mtaa mzima ulikuwa unalalamika. Fundi akabeba ngazi na kipimo, akatoka.

Waya wa namna hii una ila yake. Mtambo husema na nyumba zote kwa pamoja, lakini majibu ya nyumba hizo hupanda kwa njia moja. Kiungo kibovu cha nyumba moja hupandisha kelele zinazofunika majibu ya wote. Akapima nguzo kwa nguzo, akichomoa na kuchomeka, mpaka akafika mbele ya nyumba ya kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Waya wa kaka ulikuwa umechunwa katikati, ukafungwa kwa utepe mweusi, na tawi lake likaingia chumbani kwa mpangaji.

Hofu ilimshika, kwa sababu kumkatia kaka waya ni kumvua nguo mbele ya majirani. Kisha hasira ikaja, ikaisukuma hofu kando. Alichomoa.

Simu ikalia. Alikuwa mama. "Mwanangu, taa imetulia!"

Kaka alitokea na kandambili, anahema. "Nani kakutuma uguse waya wangu? Rudisha!"

"Weka waya mpya, kaka, kama wateja wengine. Nitarudisha."

"Mnunuzi yuko njiani. Shuka tuyamalize."

"Aje tu. Atakunywa chai, ataona mtandao unavyokimbia, kisha ataondoka. Siuzi."

Majirani walikuwa wamejaa vibarazani, wakijifanya wanafagia. Kaka akapiga ngazi kofi.

"Nimesema shuka!"

Fundi alimtazama kutoka juu. Ndipo alipokumbuka kwamba siku hiyo, kwa vurugu za asubuhi, hakuwa amemwamkia.

"Shikamoo, kaka," akasema, na hakushuka.

Kaka alitazama ngazi, akawatazama majirani. Mifagio ilikuwa imenyamaza.

"Marahaba," akasema mwishowe.