Mume Wangu na Mabonge ya Udongo

Mume wangu Vendel alionekana shambani akiongea na mabonge ya udongo. Aliyemwona ni jirani yetu, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, na kabla ya chakula cha mchana binti yetu Emőke alikuwa ameshapata habari huko Budapest.

"Mama, Baba akili zinamtoka. Jumatatu nakuja kumchukua. Nyumba ya wazee wana chumba."

Vendel mwenyewe alisema ni ndege. "Kumi na mmoja, Margit. Wana nyusi nyeupe. Nimewasogelea hatua tatu, hawakimbii, wananitazama tu. Sasa mtu akikutazama hivyo humsalimii?"

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia. Mwezi uliopita aliacha gesi wazi. Kabla ya hapo alitafuta kofia asubuhi nzima, kumbe ameivaa. Miaka arobaini na nne ya ndoa, leo nimpeleke akalelewe na watu baki? Lakini kama kweli anaongea na udongo, nifanyeje?

Basi Jumamosi, watazamaji wa ndege walipokuja kwa matembezi yao ya kila Oktoba, nikamfuata kiongozi wao, mwalimu Csongor. Nikamwomba wapitie shamba letu la alizeti, lililokwisha kuvunwa na kulimwa.

Tulitoka asubuhi na mapema, watu tisa na darubini zao, ukungu umelala juu ya matuta. Korongo walipita angani wakipiga kelele, wote wakainua vichwa. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa Vendel, aliyetangulia, mikono nyuma.

"Hapa," akasema.

Csongor akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu. Akaizungusha polepole, kushoto, kulia. Udongo mtupu. Mama mmoja akanishika bega kwa huruma, nikatamani kumfinya.

"Mzee Vendel," Csongor akasema kwa ile sauti ya kusemezea wagonjwa, "labda wameshaondoka."

"Waondoke waende wapi? Si hao hapo! Mwalimu, macho umeyaacha nyumbani?"

Nikaanza kumfunga Vendel vifungo vya koti, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Twende nyumbani, mzee wangu."

"Ngoja, mwanamke, unakimbilia wapi?" Akageukia matuta. "Hamjambo, wanangu? Leo nimekuja na wageni."

Mtu mmoja nyuma yetu akakohoa. Na hapo bonge moja likatembea. Hatua nne za haraka, likasimama, likatutazama. Lilikuwa na nyusi nyeupe. Likafuata la pili, na la tatu.

"Mama yangu!" Csongor akanong'ona, akapiga magoti kwenye matope. "Miaka kumi na miwili nawatafuta hawa. Wanashuka kutoka kaskazini, rangi yao kama udongo, na wakiona mtu wanatulia tu chini." Akawahesabu kwa kidole. "Kumi."

"Kumi na mmoja," Vendel akasema. "Mmoja yuko nyuma ya buti lako. Anachechemea, usimkanyage."

Csongor akageuka taratibu. Alikuwepo, hatua mbili tu, anajikuna shingo.

Nikakaa chini palepale kwenye udongo, nikalia mbele za watu bila haya. Alhamdulillahi ya kila dini niliitamka moyoni.

"Una nini wewe?" Vendel akauliza.

Nikampiga kofi mguuni. "Umenitesa, mzee wewe!"

"Mimi? Si nilikwambia ni ndege?"

Nikampigia simu Emőke nikiwa bado nimekaa chini. "Ndege wapo kweli. Baba yako kamshinda mwalimu kuwahesabu. Kile chumba waambie wampe mtu mwingine."

Nikasikia anavuta makamasi.

"Na gesi je, Mama?"

Nikamtazama Vendel. Alikuwa anawaaga ndege wake, kofia mkononi.

"Gesi nitakuwa naifunga mimi," nikamwambia.