Kinyozi Aliyefundishwa Kunyamaza

Kinyozi yule walimwita Redio, na wala hakuchukia. Tangu anapofungua kibanda asubuhi mpaka anaposhusha mlango jioni, mdomo wake haukupata likizo. Alikuuliza habari za nyumbani, akajijibu mwenyewe kabla hujafungua kinywa, akacheka, akaendelea kunyoa. Wateja walimpenda hivyohivyo.

Binti yake wa pekee alikuwa na miaka mitano na nusu, na alikuwa na usonji. Hakuwahi kuomba hata maji. Sauti alikuwa nayo, tena kali, ila maneno yake yote yalikuwa ya watu wengine, akiyatoa kama alivyoyasikia. Kwa kuwa mama yake alifanya kazi ya zamu kiwandani, mtoto alishinda kibandani akipanga makopo matupu ya mafuta ya nywele, na kila baada ya muda alipaza sauti kama baba yake: "Tayari, bosi, jitazame!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mteja mmoja akambandika jina la Kasuku, na jina likanata. Redio naye alicheka pamoja nao.

Mkewe ndiye aliyehangaika huku na kule hadi akapata nafasi kwa mtaalamu wa usemi, kwenye chumba cha mwisho cha kliniki ya watoto.

"Mimi nimefikia hapa," alimwambia mumewe. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Utampeleka wewe."

Mtaalamu alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye kalamu sikioni. Aliketi nao sakafuni, akamsikiliza Redio akimwaga maelezo, kisha akasema, "Haya baba, cheza naye kama mnavyocheza nyumbani. Mimi nawatazama."

Baada ya dakika tano akamwonyesha karatasi iliyojaa vijistari.

"Unajua umemuuliza maswali mangapi?"

"Matatu? Tuseme manne."

"Arobaini na moja. Na yote umeyajibu wewe."

Redio akajikuna kisogo. "Mwalimu, mimi nilidhani nimemleta yeye."

"Mmekuja wote wawili."

Akampa kichupa cha maji ya sabuni ya kupuliza mapovu, na kazi ya kufanya. Apulize mara moja, afunge kifuniko, amtazame mtoto, ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Asimuulize, wala asimsaidie.

"Nikishafika kumi, halafu?"

"Unapuliza, unaanza tena."

Kila siku saa moja asubuhi, kabla wateja hawajaja, baba na binti waliketi kwenye benchi la kibanda. Siku ya kwanza Redio alifika nne, akashtukia anasema, "Unataka mengine, eh? Mazuri, eh?" Siku ya pili alifika sita. Siku ya tatu aliuma mdomo wa chini hadi ukamvimba, na akafika kumi jasho likimtoka, kama mtu aliyebeba gunia la saruji. Mtoto alikuwa anatazama dari.

Dada yake mkubwa alipopita na kuwakuta, alishika kiuno. "Mdogo wangu, yaani unamfundisha mtoto kuongea kwa kumnyamazia? Na mapovu?"

"Ndiyo, dada."

"Na wewe hujachoka?"

"Nimechoka. Kesho tunaendelea."

Wiki ya tatu, hesabu ilipofika saba, mtoto aliushika mkono wa baba yake, akauweka juu ya kifuniko. Redio nusura apige ukelele. Badala yake alifungua, akapuliza. Mkono ule ukarudi tena.

"Amezungumza na wewe," mtaalamu alimwambia, akiandika. "Bado tu hajatumia mdomo."

Mwezi wa pili wa mazoezi, wakiwa chumbani mle kliniki wanapanga kadi za picha, mtoto alizisukuma zote pembeni, akatamka, "Tayari, bosi, jitazame!"

Redio akacheka kwa mazoea. Mtaalamu hakucheka.

"Haya maneno huyasema wakati gani?"

"Ovyo tu, mwalimu. Wakati wowote."

"Fikiria vizuri."

Redio akafikiria. Huyasema chakula kikiwa bado nusu sahani. Huyasema ndani ya beseni, maji yakianza kupoa. Huyasema pia shangazi yake akimkumbatia kwa muda mrefu.

"Na wewe huyasema wakati gani?"

"Mimi? Nikimaliza kumnyoa mtu. Namshikia kioo nyuma, anainuka, anakwenda za..."

Hapo ndipo alipoelewa. Miaka miwili mtoto alikuwa akimwambia: nimemaliza, niache niende. Alimwambia kwa maneno ya baba mwenyewe, akitumaini kwamba hayo angalau atayaelewa. Na yeye alikuwa akicheka, kisha anamsukumia kijiko kingine.



Kesho yake yule mteja aliyembandika mtoto jina alijitupa kitini, akasema, "Kasuku wetu hajambo?"

Redio alinyoa upande wa kushoto ukaisha. Kisha akazima mashine, akaiweka mezani.

"Bwana, yule ni binti yangu, na jina unalijua. Anaongea na watu, ila sisi tulikuwa viziwi. Hilo jina lingine sitaki kulisikia humu tena."

Mteja akajitazama kiooni, nywele upande mmoja, kipara upande wa pili.

"Sawa, Redio. Nisamehe. Ila nimalizie basi, nitatokaje hivi?"

Alimmalizia, na kwa heshima zote.

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Kila mara mtoto aliposema maneno yale, baba aliacha alichokuwa akifanya hapohapo, akamwambia, "Tayari. Umemaliza," akamwachia. Mama naye alifanya hivyo zamu zikimruhusu. Polepole "bosi" ikadondoka, kisha "jitazame" ikaifuata, likabaki "tayari" peke yake, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya Redio.

Asubuhi moja, mwezi wa saba tangu waanze, mteja wa kwanza alikuwa ameshafika nje, anakohoa ili asikike. Redio akafunga kichupa. "Tayari?" akauliza, swali pekee ambalo mwalimu alisharuhusu, akaanza kuhesabu. Alifika kumi. Akapita, akafika kumi na tatu.

"Bado," alisema mtoto.

Redio alichungulia mlangoni. "Samahani, kaka, subiri kidogo. Bado hatujamaliza."

Jioni dada yake alipopata habari alikuja mbio. "Kwa hiyo sasa anaongea?"

"Amenijibu, dada. Neno moja. Mwalimu anasema tukaze, wiki ijayo tunaanza 'nataka'."

"Nami nataka kumsikia!"

"Njoo kesho saa moja. Lakini ukija," Redio alisema, akifuta meza, "unakaa pale kwenye pipa, na huo mdomo unaufunga."