Sababu ya Kulinyamazisha Onyo

Jumamosi hiyo mfungaji wa programu za kompyuta alikuwa na kifurushi kimoja tu mkononi, nacho kilimtoa jasho. Yeye na wenzake wa kujitolea, waliotapakaa miji mbalimbali, huchukua programu, huzijenga na kuzifunga ili anayetumia Linux, mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, azipate bila usumbufu. Hiki kilikuwa cha programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Mumewe, mwalimu wa historia asiyeona, aliitegemea kusahihishia insha. Toleo jipya la mfumo lilikuwa linafungwa saa kumi na moja jioni. Kisichojengeka kinaachwa nje, na mume angebaki bila msomaji.

Kompaila, ile inayoyageuza maandishi ya programu yawe kitu cha kuendeshwa na kompyuta, ndiyo iliyoleta maneno. Ya zamani ilikuwa pole, ikipitisha mambo. Hii mpya ikitilia shaka mstari inatoa onyo, na onyo moja linasimamisha ujenzi. Hapa ilisema kwamba sentensi ndefu huenda ikakatwa mwisho.

"Huenda," mfungaji alinuna. "Huenda na mimi nikawa waziri."

Dawa ya haraka kila mfungaji anaijua: unaongeza neno moja kwenye maelekezo ya ujenzi, onyo linafyata mkia. Ila kwao kuna mtindo. Ukilinyamazisha onyo, unaandika sababu pembeni, na mkaguzi anaisoma. Mkaguzi mwenyewe, mama mmoja mtu mzima, walimbatiza Bi Sababu. Hana makuu, lakini ukimwandikia "halina madhara" anakuuliza umejuaje.

Mfungaji aliandika, "Halina madhara." Akafuta. Akaandika tena, roho ikamsuta. Akabeba kompyuta hadi sebuleni, mume alikokuwa kajinyoosha kwenye kochi, akaisomesha sentensi ndefu aliyoitunga papo hapo. Sauti ikaenda vizuri, ikaenda, kisha kimya, maneno matatu kabla ya nukta.

"Imekata mwisho," mfungaji alisema.

"Imekata nini? Si ndivyo wanavyoandika?"

"Akina nani?"

"Wanafunzi wangu. Kila siku nawaambia, jamani, malizeni sentensi. Nimewakata maksi mpaka nimechoka."

"Na magazeti?"

"Magazeti hayana shida. Sentensi zao fupi."

Mke alicheka hadi akakaa sakafuni. Mume hakucheka.

Kosa lilikuwa la kijinga: nafasi iliyotengewa sentensi ilikuwa finyu. Akaipanua, akajenga upya, na kompaila haikusema kitu. Saa tisa na nusu akakituma kifurushi.

"Mbona sioni sababu?" aliandika Bi Sababu.

"Hakuna nilichonyamazisha, mama."

"Basi kipite."

Mfungaji alijisikia mwepesi, njaa ikamkumbuka. Alirudi sebuleni akiwa na toleo jipya, akamwekea mumewe.

"Nifungulie insha za kidato cha tatu," mume alisema. "Anza na yule binti wa dawati la nyuma."

Sauti ikasoma sentensi moja ndefu, yenye mabishano ndani yake, ikapita pale ilipozoea kukatikia, ikafika kwenye nukta. Mwalimu akaketi wima, akaomba irudiwe.

"Kumbe anajua," alisema taratibu, furaha na aibu zikigombania uso wake. "Na mimi nilimwita mvivu, darasa zima linasikia."

"Utamrudishia maksi zake."

"Maksi ni leo hii. Jumatatu namwomba radhi, na darasa zima lisikie."